Bati, Koltani na Geti la Umeme

Dhahabu haijapata kuwa superkondakta. Wanafizikia wameipoza hadi ikabaki sehemu ndogo mno ya digrii moja kufikia sifuri halisi, yaani nyuzi 273 chini ya kiwango ambacho maji huganda, na bado umeme unaopita ndani yake hukutana na ukinzani. Bati ni jambo jingine. Likipozwa hadi kelvini 3.7, digrii tatu na kitu juu ya sifuri hiyo, ukinzani wake hukatika ghafla. Mkondo wa umeme ukianzishwa katika pete ya bati lililo katika hali hiyo, huzunguka bila betri na bila kupungua, maadamu baridi inaendelea.

Katika teritwari ya Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, Kongo, madini hupangwa kwa utaratibu mwingine, dhahabu ikiwa juu. Dhahabu ya Namoya, pale Salamabila, ndiyo iliyoleta makampuni, mitambo, walinzi na bunduki. Kasiteriti, jiwe zito jeusi linalotoa bati, huja nyuma yake, pamoja na koltani inayotoa tantali na niobi. Ninachosimulia hapa ni jinsi wanadamu walivyojifunza kuiwasha na kuizima hali ya umeme usio na ukinzani kwa kutumia umeme wenyewe. Katika kila hatua ya safari hiyo nakutana na metali zilezile za mafungu ya chini. Maabara zilikuwa Leiden, Massachusetts, Tokyo na Shanghai, lakini metali zilizobeba kazi ni za mawe ambayo mchimbaji wa Maniema huyatambua kwa uzito wake kiganjani.

Kabambare iliingia katika vitabu vya dunia kama kituo cha misafara. Njia iliyotoka Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikaendelea Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. David Livingstone alifika hapo Septemba 1869 na kukwama kwa miezi mingi, mgonjwa wa vidonda vya miguu, mpaka Februari 1871 alipoweza kushika njia ya Nyangwe. Misafara ilirudi pwani na pembe za ndovu na watu waliotekwa. Iliyokuwa inakuja ilileta vitambaa, shanga na nyaya nene za shaba zilizoitwa masango, ambazo zilikuwa fedha. Waya ulifika Maniema ukiwa pesa, miongo mingi kabla ya umeme. Kasongo ikawa makao makuu ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na Kiswahili kikaota mizizi ambayo haijang'oka hadi leo. Majeshi ya Dhanis, kamanda wa dola ya mfalme Leopold, yaliuteka mji huo mwaka 1893, na mwanzoni mwa 1894 Kabambare nayo ikaanguka.

Mwaka 1908 una mambo mawili ambayo wakati ule hakuna aliyeyaweka pamoja. Tarehe 10 Julai, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alifaulu kuigeuza gesi ya heli kuwa kimiminika kwenye kelvini 4.2. Hakuna mtu aliyewahi kufika kwenye baridi kama hiyo. Novemba mwaka huohuo, Ubelgiji ilimnyang'anya mfalme wake, Leopold wa Pili, Kongo yake na kuifanya koloni la taifa. Hatua ya kwanza ilifungua mlango wa baridi, na ya pili ilifungua ardhi kwa makampuni yenye vibali vya serikali.

Onnes alitaka kujua kinachoupata umeme katika baridi hiyo. Aprili 1911 maabara yake ilipima zebaki iliyoganda, Gilles Holst akiwa ndiye anayesoma vipimo vya ukinzani, na karibu na kelvini 4.2 ukinzani ukatoweka. Desemba 1912 wakaona jambo lilelile katika bati na risasi. Furaha yake ilikuwa kubwa, kwa sababu bati na risasi, tofauti na zebaki, zinaweza kuvutwa zikawa waya, na waya usio na ukinzani ungetengeneza sumaku yenye nguvu isiyo na mfano. Lakini alipoongeza mkondo, hali ilivunjika. Uga wa sumaku nao ulipozidi kiasi, uliivunja vilevile. Onnes aliliona hilo kama kikwazo, na kwa lengo lake lilikuwa kikwazo kweli. Mimi naliona kama mwanzo wa historia hii, kwa maana kinachoweza kuvunjwa kwa umeme kinaweza pia kuamriwa kwa umeme.

Wakati wa majaribio hayo ya Leiden, Maniema haikuwa bado nchi ya migodi mikubwa ya bati. Ilikuja kuwa hivyo katika miaka ya 1930. Kampuni ya Symétain iliundwa mwaka 1932 na kujenga ngome yake Kalima. Nyingine, Cobelmin miongoni mwao, zilishika sehemu nyingine za mkoa, na wolframu ikachimbwa Kailo pamoja na kasiteriti. Mwaka 1933, Symétain ikiwa bado changa, Walther Meissner na Robert Ochsenfeld walichukua vipande vya bati na risasi mjini Berlin, wakavipoza ndani ya uga wa sumaku, wakagundua kwamba superkondakta huufukuza uga huo kutoka ndani yake. Ugunduzi huo ulithibitisha kwamba tunashughulika na hali mpya ya maada, yenye sheria zake, si waya uliozidi tu kuwa mzuri.

Kisha vita. Wajapani walipoiteka Malaya na visiwa vya Indonesia mwanzoni mwa 1942, Washirika walipoteza sehemu kubwa ya bati lao, na Kongo ya Wabelgiji ikawa miongoni mwa nchi chache zilizobaki za kuwapa. Serikali ya kikoloni ilipandisha siku za kazi ya lazima vijijini kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Wanaume walitolewa migodini, kwenye mpira, kwenye barabara, na familia zilibaki na mashamba yasiyo na mikono. Kila ninaposoma sifa za bati lililosaidia kushinda vita, nataka siku hizo 120 ziandikwe kando yake.

Sasa tufike kwenye kifaa ambacho, kwa maoni yangu, kingepaswa kujulikana katika kila shule ya Maniema. Mwaka 1956 Dudley Buck, mhandisi kijana wa MIT, alitangaza kraitroni. Alichukua waya wa tantali wa urefu wa kama inchi moja, akauzungushia waya mwembamba zaidi wa niobi, akavitumbukiza vyote katika heli ya kimiminika. Tantali hupoteza ukinzani karibu na kelvini 4.4, na heli huchemka kwenye 4.2, kwa hiyo tantali ilikuwa superkondakta kwa shida tu, ikining'inia ukingoni. Niobi hupoteza ukinzani mapema zaidi, kwenye kelvini 9.3, kwa hiyo ilikuwa imara. Buck alipopitisha mkondo mdogo katika niobi, uga wake wa sumaku ulitosha kuivunja hali ya tantali, na ukinzani ukarudi. Mkondo ulipokatwa, tantali ilirejea. Hapo palikuwa na swichi ambayo umeme mmoja ulitawala mwingine, na Buck aliiwazia kompyuta nzima iliyojengwa kwa swichi kama hizo, ndogo na isiyopoteza nishati kama kompyuta za vali zilizojaza vyumba wakati ule.

Tantali na niobi hukaa pamoja katika jiwe moja, na jiwe hilo ni koltani. Kemia ilihangaika kwa muda mrefu kuzitenganisha kwa sababu zinafanana mno. Buck alizitumia kwa kile kidogo zinachotofautiana: digrii tano za baridi. Alifariki Mei 1959, akiwa na umri wa miaka 32. Wahandisi waliomfuata walitengeneza kraitroni za utando mwembamba, utando wa bati ukiwa ndio unaotawaliwa na ukanda wa risasi ukiwa ndio unaotawala. Transista za silikoni, ambazo hazihitaji heli, ziliwapita.

Kraitroni ilitawala kupitia sumaku. Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi: je, unaweza kuigusa superkondakta kwa uga wa umeme peke yake, bila sumaku, kwa kuiongezea au kuipunguzia elektroni? Majibu ya kwanza yalitoka mwaka 1960, mwaka wa uhuru wa Kongo, na metali iliyotumika ilikuwa bati. R. E. Glover na M. D. Sherrill, Wamarekani, walitandaza utando mwembamba sana wa bati, na mwingine wa indi, wakaweka kihami na bamba la metali upande wa pili, wakatia volti. Elektroni zilisongamana au kupungua usoni mwa utando. Wakapima joto ambalo utando hupoteza ukinzani, nalo lilikuwa limesogea kwa kiasi cha sehemu moja ya elfu kumi ya digrii.

Kiasi hicho ni kidogo mno, na sababu yake inafaa ielezwe vizuri, maana ndiyo iliyowarudisha nyuma watafiti kwa zaidi ya miaka arobaini. Mchimbaji anayeosha kasiteriti huelekeza maji ya kijito katika mfereji, na kwa ubao mmoja huamua yapite au yasimame. Bamba lenye volti, ambalo mafundi huliita geti, linakusudia kufanya vivyo hivyo kwa umeme. Lakini metali imejaa elektroni kupita kiasi. Uga wa geti unapofika usoni mwake, elektroni hukimbilia hapo na kuuziba kabla haujaingia hata nanomita moja, na nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita. Utando wa Glover na Sherrill ulikuwa mwembamba kwa viwango vya wakati wao, ila kwa geti ulikuwa bado mnene. Uso ulisikia amri, tumbo halikusikia.

Ilihitajika maada ambayo ni uso mtupu.

Maada ya namna hiyo ilikuwa tayari maabarani, ila hakuna aliyekuwa ameihusisha na swali hili. Niobi ikiungana na seleni hufanya fuwele laini iliyojipanga kwa matabaka: kila tabaka lina atomi za niobi katikati na seleni juu na chini, limeshikana kwa nguvu ndani yake, lakini na tabaka la jirani limegusana tu. Fuwele hiyo, niobi diselenidi, hupoteza ukinzani karibu na kelvini 7.2. Mwaka 1972 Robert Frindt, Kanada, aliibandua hadi ikabaki matabaka machache na kuonyesha kwamba bado ni superkondakta, ingawa kadiri ilivyokonda ndivyo ilivyotaka baridi zaidi. Kazi yake ilikaa kimya kwa miongo mitatu. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walipobandua grafini kutoka kwenye grafiti kwa utepe wa gundi mwaka 2004, dunia ilishtuka, na mwaka uliofuata kundi lao lilionyesha kwamba njia hiyohiyo inatoa tabaka moja la maada nyingine, niobi diselenidi ikiwemo.

Miaka hiyo Maniema ilikuwa katika hali gani? Sominki, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani ya Kivu na Maniema, ilivunjwa mgongo Oktoba 1985, pale baraza la kimataifa lililokuwa likishikilia bei ya bati lilipoishiwa fedha na soko la London likasimamisha biashara ya metali hiyo. Bei ilianguka, migodi ya viwanda ikafa polepole, na wachimbaji wadogo wakaingia kwa nyundo, koleo na karai. Mwishoni mwa 2000, vita vikiwa vimeikata nchi vipande, bei ya tantali iliruka karibu mara kumi kwa sababu ya kapasita za simu na kompyuta. Watu waliacha mashamba kwenda kuchimba koltani. Ndani ya mwaka mmoja bei ilikuwa imeshuka tena, mashimo yakabaki, na mashamba mengi hayakurudiwa. Geim na Novoselov walibandua tabaka lao la kwanza kwa utepe unaouzwa dukani, miaka michache tu baada ya hapo, na kwa hiyo sipendi kusikia kwamba sayansi hii ni ya matajiri kwa asili yake.

Kupata tabaka jembamba hakukutosha. Geti la kawaida, lenye kihami cha oksidi, hupasuka kabla halijasukuma elektroni za kutosha. Mwaka 2009, huko Marekani, watafiti walijaribu geti kwenye vipande vyembamba vya niobi diselenidi, na joto la kugeuka, yaani lile ambalo ukinzani hupotea, likasogea kwa kiasi kinachoonekana, lakini kidogo. Ufumbuzi ulitoka Japani, nao ni wa kustaajabisha kwa urahisi wake: badala ya kihami kigumu, watafiti wa huko walidondoshea tone la kimiminika cha ayoni, chumvi ambayo ni maji maji hata bila joto. Ukitia volti chache, ayoni hujipanga juu kabisa ya fuwele, umbali wa kama nanomita moja, na kwa ukaribu huo volti chache huwa uga mkubwa ajabu. Elektroni zinazovutwa hufikia trilioni mia moja kwa kila sentimita ya mraba. Mwaka 2008 kundi la Masashi Kawasaki liliigeuza strontiamu titaneti, ambayo ni kihami, ikawa superkondakta kwa geti tu, kwenye kelvini 0.4. Mwaka 2010 Yoshihiro Iwasa na Jianting Ye walifanya hivyo kwa fuwele ya matabaka yenye zirkoni, nitrojeni na klorini, na kufika kelvini 15. Mwaka 2012 walichukua molibdeni disalfidi, unga uleule ambao mafundi hutia katika grisi, wakaifikisha kwenye kelvini 10 na zaidi.

Tofauti na Glover na Sherrill ni ya kutisha. Wao walisogeza joto la kugeuka kwa sehemu ya elfu kumi ya digrii. Hapa maada ambayo haikuwa superkondakta ilifanywa superkondakta, na volti zilipogeuzwa ikaacha kuwa.

Metali za Maniema zilirudi moja baada ya nyingine. Mwaka 2015 Yuanbo Zhang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, walitumia geti kusukuma ayoni za lithi katikati ya matabaka ya tantali disalfidi. Fuwele hiyo ina tabia ya kuzifunga elektroni zake katika mawimbi yaliyosimama. Lithi ilipoingia, mawimbi hayo yalilainika na hali ya bila ukinzani ikajitokeza. Mwaka 2016 geti la ayoni juu ya matabaka mawili ya niobi diselenidi lilipandisha na kushusha joto la kugeuka kwa namna inayoweza kurudishwa nyuma, mbele na nyuma, kwa kugeuza volti tu.

Wolframu ilikuja na kisa changu nikipendacho kuliko vyote. Kipande kizima cha wolframu huwa superkondakta chini ya kelvini 0.02 pekee, baridi ambayo maabara nyingi haziifikii. Mwaka 2018 makundi mawili ya Marekani, moja la Pablo Jarillo-Herrero huko MIT na jingine la David Cobden katika Chuo Kikuu cha Washington, yalichunguza tabaka moja la wolframu diteluridi. Bila geti, ndani yake halipitishi umeme. Mkondo hupita pembezoni tu. Walipotia volti chache kwenye geti la kawaida, bila kimiminika chochote, tabaka lote likawa superkondakta chini ya kelvini moja. Mwaka huohuo kundi la Jarillo-Herrero lilionyesha grafini mbili zilizopishana kwa pembe ya digrii 1.1 zikifanya jambo kama hilo kwenye kelvini 1.7. Habari za grafini zilienea kila mahali. Za wolframu zilibaki kwa wataalamu, na naona hilo si haki.

Na dhahabu? Haikufukuzwa. Katika vifaa hivi vyote, vipande vya kuunganishia waya na fuwele kwa kawaida ni vya dhahabu, kwa sababu haishiki kutu na hupokea umeme vizuri. Umahiri wake ndio unaoinyima hali ile nyingine. Superkondakta za kawaida huzaliwa pale elektroni zinapovutana mbilimbili kupitia mtikisiko wa atomi zinazozizunguka, na katika dhahabu elektroni hupita zikiwa hazisumbuki sana na mtikisiko huo. Katika bati, tantali na niobi husumbuka, na kwenye joto la chumba usumbufu huo ndio ukinzani. Kwenye baridi kali huwa ndio gundi ya jozi.

Biashara ya metali hizi nayo imepata mageti yake. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuyataka makampuni yaeleze asili ya bati, tantali, wolframu na dhahabu yanazotumia, sheria ambayo mashariki mwa Kongo iliitwa sheria ya Obama. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Maniema na katika Kivu zote mbili, na marufuku ikaondolewa Machi 2011. Wachimbaji walikaa nusu mwaka bila kipato halali. Baadaye magunia ya kasiteriti na koltani ya mkoa yakaanza kufungwa lebo zenye namba, ili yafuatwe kutoka shimoni hadi kiyeyushio. Namoya ilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 chini ya kampuni ya Kanada, Banro, na mwaka 2019 kazi zikasimama baada ya utekaji nyara na mashambulizi.

Maabarani, hatua zimeendelea. Mwaka 2021 watafiti wa Princeton walitengeneza vipande vya kompyuta ya kwanta kwa utando wa tantali, vikatunza taarifa kwa zaidi ya sehemu tatu za kumi za milisekunde, muda mrefu kuliko vilivyotangulia vya aina hiyo. Mwaka 2023 kundi jingine la Marekani lilitangaza kwamba matabaka mawili ya molibdeni diteluridi yana mwelekeo wa umeme wa ndani unaoweza kupinduliwa kwa geti, na kwamba mwelekeo huo unapopinduka hali ya bila ukinzani huwaka au kuzimika pamoja nao. Swichi ya Buck ilihitaji mkondo upite katika niobi muda wote ambao tantali ilipaswa kuzimwa. Matabaka haya yana kumbukumbu: kwa geti lilelile, yanaweza kuwa katika hali moja au nyingine kutegemea uga ulikuwa ukitokea upande gani. Baridi inayotakiwa ni ya kelvini mbili na kitu, chini ya ile ya heli inayochemka wazi, na utafiti wa sasa unatafuta tabaka litakalotii geti kwa namna hiyo kwenye joto lililo juu zaidi, niobi na tantali zikiwa bado mezani.